Watani wa Bi Hamisa

Bi Hamisa alifariki alfajiri, siku ile ile ambayo lori la Boma lilikuwa linakuja kumchukua Lukasi.

Grasiana alizipata habari zote mbili mahali pamoja, kwenye mlango wa mahabusu, kibuyu cha uji kikiwa mkononi. Mahabusu ya Misima ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya baraza, chenye tundu dogo juu ya mlango, na mumewe alikuwa humo tangu Jumamosi. Yordani, tarishi wa zumbe, mkuu wa Misima, aliupokea uji bila kumtazama usoni. Alisema afadhali Lukasi anywe ashibe, maana lori lingefika saa kumi alasiri. Kutoka hapa ni Korogwe, Korogwe ni garimoshi, na baada ya garimoshi yeye Yordani hakujua. Wengine walisema Lindi. Wengine walisema mbali kuliko Lindi. Kisha, akijifanya anakagua komeo, akaongeza kwamba mama yake zumbe hakuamka leo.

Grasiana alibaki amesimama. Machozi yalikuwa tayari, lakini hakujua aanze kumlilia nani.

Kosa la Lukasi lilikuwa matuta. Amri ya matuta ilitoka Boma la Handeni, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Kila shamba lenye mteremko lilitakiwa kuchimbwa matuta marefu ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, yafuate kamba ya Bwana Shamba, yasipinde. Pengine kule Boma, mezani, lilikuwa jambo jema. Katika udongo mwekundu wa Misima ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, tena iliangukia miezi ile ile ya kupanda, na walioifanya zaidi walikuwa wanawake, wengi wao na watoto mgongoni. Mvua kubwa ikiyabomoa, mwenye shamba alitozwa faini kwa kuyaacha yabomoke. Jua likizidi, mahindi ya juu ya tuta yalinyauka kabla ya mengine. Watu walikwenda kulalamika kwa Mhina, zumbe wao aliyetambuliwa na serikali, naye akawajibu kuwa yeye aliwekwa pale kuleta maneno ya Boma, si kuyarudisha.

Basi Jumamosi ile, siku ya baraza, watu walikuja na majembe mabegani, wanaume kwa wanawake. Walimchagua Lukasi aseme, kwa kuwa alisoma misheni kule Lutindi, akafanya kazi katika kiwanda cha mkonge cha Ngombezi, na alikuwa na ulimi wa taratibu. Naye hakusema mengi. Alisema, "Zumbe, kwa heshima yako, mwaka huu hatuchimbi matuta." Kisha wote wakageuka wakarudi makwao.

Zumbe Mhina aliona atakavyovuliwa kofia ya uzumbe kwa kushindwa na watu wake mwenyewe. Akapeleka habari Handeni kwamba Lukasi alimwinulia jembe ampige. Kukataa matuta kulikuwa faini, au majuma machache ya kufagia uwanja wa baraza. Kumwinulia zumbe jembe kulikuwa kuasi serikali, na mwasi alihamishwa, akatupwa wilaya asikojua mtu. Baraza zima liliona kwamba jembe la Lukasi halikushuka begani. Kudra, mwanamke jirani yao, alikuwa amesimama bega kwa bega naye. Lakini neno la Kudra lingefikaje Boma, wakati la zumbe lilikuwa limekwisha kufika?

Grasiana aliondoka mahabusu akaenda moja kwa moja msibani. Hakuwa na haja ya kujiuliza kama aende. Bi Hamisa alikuwa mtani wake.

Yeye alikuwa Mnyamwezi. Baba yake, Bernardo, aliletwa na garimoshi kutoka Tabora enzi za ujana wake, akiwa manamba, kibarua wa mkataba, kukata mkonge, na Grasiana alizaliwa kambini huko Ngombezi. Mkataba ulipokwisha, Bernardo na wenzake hawakurudi kwao. Waliomba ardhi kwa Wazigua wa Misima, wakapewa ukingoni mwa kijiji, na Wazigua wakapaita mahali pale Kambini, kwa dhihaka. Dhihaka hiyo ilikuwa haki yao. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara ya mizigo: mtani atakutukana mbele ya wakwe zako, atakamata kuku wako aende naye, na wewe utacheka, maana ukikasirika umejiaibisha. Lakini siku ukifa, mtani ndiye anayekuchimbia kaburi. Mzigua wa Misima akifariki, majembe yalitoka Kambini, na hakuna ukoo uliokuwa tayari kusikia unasemwa kwamba ulijizikia wenyewe kama watu waliookotwa njiani.

Siku Grasiana alipojifungua Paulina, Bi Hamisa alikuja na chungu cha uji wa pilipili manga na matusi kikapu kizima. Alisema mtoto ana kichwa cha mpagazi. Alisema pua ile ni ya kubebea mzigo. Kisha akatandika mkeka chini, akalala hapo hapo na kumhudumia mzazi mpaka kitovu cha mtoto kikaanguka. Hata wiki hii, akiwa hoi kitandani, Grasiana alipokwenda kumpa pole ya ugonjwa, yule bibi alimpa yeye pole ya mume. "Mwanangu mwoga," alisema, akipumua kwa shida. "Anaiogopa kofia yake kuliko anavyoniogopa mimi niliyemzaa."

Uwanja wa zumbe ulikuwa umejaa. Wanawake walilia ndani na upande wa jikoni. Gulamhussein mwenye duka alikwisha kuleta bafta ya sanda kwa mkono wake mwenyewe, akakaa mkekani pamoja na wazee. Zumbe Mhina alikuwa katikati yao, kofia kichwani, macho mekundu. Alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini, na asubuhi ile alionekana kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Grasiana alikuwa anateka maji ya kuoshea maiti watani walipoingia. Aliyetangulia alikuwa Eliasi, rafiki wa baba yake tangu Tabora, mzee mwembamba mwenye makovu ya miiba ya mkonge mikononi. Hakumsalimu mtu. Alisimama katikati ya uwanja, akautazama huku na huku kwa uso wa huzuni kubwa, akatikisa kichwa.

"Zumbe," alisema, "uwanja wako una mteremko."

Akainua jembe akaanza kuchimba tuta, pale pale, mbele ya mikeka ya waombolezaji. Mwenzake akavuta kamba, akabana pua, akasema kwa lafudhi ya Bwana Shamba kuwa tuta limepinda na mwenye nyumba alipe faini. Mwingine akaanza tuta la pili. Vicheko vilitoka kwa wazee kwanza, kisha jikoni, hata ndani waliokuwa wakilia wakacheka huku machozi yanawatoka. Ndivyo utani ulivyo. Msiba usio na watani ni mzito kuubeba.

Zumbe naye alicheka. Ilimpasa. Lakini Grasiana, ndoo ikiwa kichwani, aliuona mkono wake ulivyoikamata fimbo, na hapo wazo likamjia, kali kiasi kwamba maji yalimwagika begani. Leo ndiyo siku pekee ambayo mtu huyu hawezi kukasirika.

Alimkuta baba yake nyuma ya ghala akikaza mpini wa jembe. Alimweleza kwa maneno machache. Wakifika kaburini wachimbe, lakini wasimalize. Wasidai kuku, wala nguo, wala mbuzi. Wamdai Lukasi.

Bernardo aliugonga mpini chini mara kadhaa ingawa ulikuwa umekwisha kukaza.

"Utani ni mchezo, mwanangu," alisema hatimaye. "Mtani anadai kitu ambacho mwenzake anaweza kukitoa."

"Anaweza, baba. Ni yeye aliyesema uongo. Aseme kwamba alisema uongo."

"Mbele ya Mzungu?"

"Lori linakuja saa kumi. Mzungu atakuwa humo."

Bernardo alimtazama binti yake kama anayemtafuta mtoto aliyemlea. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama amefikiria kwamba aliyelazwa ndani ni Bi Hamisa, siyo mtu mwingine. Grasiana akasema amefikiria. Haikuwa kweli. Swali lile lilikuwa limesimama mbele yake tangu alipoliona jembe la Eliasi, naye alikuwa akilisukuma pembeni, kwa kuwa alijua lilikuwa na jibu.

Makaburi yalikuwa nyuma ya shamba la mihogo la zumbe, si mbali na barabara. Watani walichimba vizuri, kwa bidii, kwa matusi, mpaka kaburi likafika kifuani mwa mtu. Kilichobaki kilikuwa mwanandani, ile nafasi ya ubavuni ambamo maiti hulazwa. Hapo wakaweka majembe chini, wakaketi ndani ya kaburi, wakaegemea udongo kama watu waliomaliza kula.

Mwanzoni hakuna aliyeshtuka, ndiyo desturi. Mdogo wake zumbe alikuja akitabasamu, na jogoo mkononi. Wakasema jogoo huyo anafanana na mwenyewe, wamwache aishi. Akaleta kipande cha nguo. Wakasema nguo hiyo wavishe matuta ya uwanjani yasipigwe na baridi. Watu wakacheka. Kisha maiti ikaletwa, jeneza likawekwa kivulini, mwalimu wa msikiti akaanza kutazama jua, na kicheko kikaanza kupungua.

Ndipo Bernardo aliposimama mle kaburini, kichwa na mabega tu vikionekana, akasema, "Tunamtaka Lukasi."

Grasiana alikuwa mbali, pembeni mwa mihogo pamoja na wanawake, kwani wanawake wa Misima hawasogei kaburini. Lakini aliyasikia maneno yale. Zumbe alisogea mpaka ukingoni. Alisema, kwa upole wa mtu anayejizuia, kwamba hilo si la utani, hilo ni shauri la serikali. Bernardo akamjibu kwamba wao watu wa Kambini hawaijui serikali, wao wanajua kaburi, na kaburi hili bado. Mwalimu akasema maiti anadhulumiwa. Bernardo akakubali, akasema ni kweli, na aliyemdhulumu amevaa kofia.

Hakuna aliyecheka tena. Jua lilivuka vichwa likaanza kuinama. Vijana wa ukoo wa zumbe walitaka kuingia kaburini kwa nguvu, wazee wakawashika mikono. Kumpiga mtani ndani ya kaburi la mama yako ni jambo ambalo lingesimuliwa mpaka wajukuu wa wajukuu. Zumbe alisimama, akaketi, akasimama tena. Mara moja alifungua mdomo, akageuka kutazama jeneza, na Grasiana akadhani atakubali. Kisha mtu huyo akaufunga mdomo, akatazama barabara.

Ndipo mdogo wake zumbe akaja na mbuzi.

Alikuwa beberu mweupe, mkubwa. Mtu yule hakusema neno juu ya kaburi. Alimkokota mbuzi mpaka ukingoni, akakazana na kamba kana kwamba inamshinda, akainama kumwelekea Eliasi aliyekuwa karibu naye. "Mzee Eliasi, hebu nishikie kidogo nimwambie mwalimu neno moja," alisema.

Eliasi alinyoosha mkono akaishika kamba.

Hakuwa na nia mbaya. Maisha yake yote, mtu aliposema "nishikie", alishika. Na maisha yake yote, mwisho wa mchezo wa kaburini ulikuwa huo: mnyama anafika ukingoni, mtani anapokea kamba, kaburi linamalizika. Mkono ulijua njia kabla kichwa hakijaamka. Alipotambua aliiachia kamba kama iliyowaka moto, lakini watu wote walikuwa wameona, na mdogo wake zumbe akawa tayari amesimama wima, mikono mitupu.

"Watani wamepokea," alisema.

Hapakuwa na ubishi. Mtani aliyepokea amelipwa, na akibaki kaburini si mtani tena, ni mnyang'anyi. Watu wa Kambini walitazamana. Mmoja akapanda juu, kisha mwingine. Eliasi aliketi chini, akaufunika uso kwa mikono yake yenye makovu. Bernardo alitoka wa mwisho. Hakumtafuta binti yake kwa macho.

Na wakati huo huo, ng'ambo ya mihogo, ikasikika sauti ya lori likibadilisha gia kwenye mlima.

Grasiana hakukumbuka baadaye kama aliamua. Alikumbuka Kudra akimshika kanga na kumnong'oneza kuwa huko hakwendi mwanamke, na alikumbuka kanga ikimponyoka Kudra. Alipita kati ya wanaume, nao wakampisha kwa mshangao, jinsi watu wanavyompisha ng'ombe aliyeingia nyumbani. Akafika ukingoni. Akaketi, akashusha miguu, akajiachia ndani.

Ndani kulikuwa na ubaridi, na harufu ya mizizi iliyokatwa. Kuta zilimfika shingoni. Aliona mbingu, nyuso zikizunguka ukingo, na uso wa zumbe katikati.

"Toka, mama," mwalimu alisema. "Utani umekwisha. Mbuzi amepokelewa."

"Alipokea Eliasi," Grasiana alisema. "Mimi sijashika kamba."

"Wewe ni mwanamke."

"Bi Hamisa naye alikuwa mwanamke. Alinitukana miaka sita, na hakuna mwingine hapa aliyetukanwa naye kama mimi. Mimi ndiye mtani wake." Aliinua uso akamtazama zumbe. "Simdai mbuzi, zumbe. Namdai mume wangu."

Kabla yeyote hajamjibu, Bwana Shauri, ofisa wa Boma, akafika. Alikuwa kijana wa Kizungu, shingo imeungua kwa jua, na askari watatu nyuma yake. Kwanza alikuwa amekwenda mahabusu, akakuta Yordani hathubutu kufungua bila zumbe. Basi akamfuata zumbe msibani. Alivua kofia yake alipoliona jeneza. Kisha akaona kaburi na mtu aliye hai ndani yake, akauliza kwa Kiswahili chake cha darasani ni jambo gani hili.

Mdogo wake zumbe alimweleza kwamba huyu ni mke wa yule mwasi, naye anazuia mazishi.

"Mtoeni," Bwana Shauri aliwaambia askari.

Askari mmoja alipiga magoti ukingoni, akamshika Grasiana mkono juu ya kiwiko. Hakumbana sana; alikuwa mtu mzima, na alionekana kuona haya. Grasiana alikita miguu ukutani. Hakuwa na nguvu za kushindana naye, na alilijua hilo, na alijua kwamba akitolewa humo basi yamekwisha: Lukasi atapandishwa lori, na Paulina atakua akionyeshwa barabara.

Ndipo aliposikia, juu yake, sauti ya mwanamke.

"Jembe lilikuwa begani."

Ilikuwa sauti ya Kudra. Alikuwa amesimama kati ya makaburi, mahali asipopaswa kusimama, kanga ameivuta mpaka machoni. "Mimi nilikuwa karibu yake," alisema. "Jembe la Lukasi lilikuwa begani. Halikushuka."

Bwana Shauri aligeuka. Nyuma ya Kudra walikuwa wanawake wengine wametoka kwenye mihogo, na wengine nyuma yao. Bibi mmoja akasema naye alikuwepo, jembe lilikuwa begani. Mwanamume mmoja naye akasema hivyo hivyo. Gulamhussein akasema kwamba yeye aliona akiwa barazani pa duka lake. Wengine hawakusema kitu ila kusogea, na kadiri walivyosogea ndivyo askari walivyosogea pia, kumwelekea bwana wao. Wachimba kaburi walikuwa wameokota majembe yao. Kila jembe lilikuwa begani.

Bwana Shauri alimtazama zumbe. "Maneno haya ni kweli?"

Zumbe Mhina alikuwa akitazama chini, ndani ya kaburi. Macho yake na ya Grasiana yalikutana. Grasiana alitegemea kuona hasira, lakini alichokiona kilikuwa uchovu, uchovu wa mtu aliyesimama kwa mguu mmoja miaka mingi.

"Hakuniinulia jembe," zumbe alisema. "Alisema hatachimba matuta. Basi. Mimi niliogopa, nikaongeza."

Aliongea polepole, na baada ya neno la mwisho alivua kofia, ile yenye nembo ya serikali mbele, akaishika mkononi kama mtu asiyejua pa kuiweka. Bwana Shauri aliitazama kofia, jeneza, wanawake, majembe, na askari wake watatu. Alipofumbua mdomo alisema kwa ukali kwamba zumbe afike Boma Jumatatu akayaseme maneno hayo mbele ya mkubwa wake, na kwamba mahabusu ifunguliwe. Juu ya matuta hakusema neno. Mtu mmoja alimwuliza, na matuta je? Akajibu kuwa hayo ni mambo ya Jumatatu.

Bernardo alimvuta binti yake kutoka kaburini kwa mikono miwili. Watu wa Kambini wakashuka, wakachimba mwanandani bila tusi hata moja, na Bi Hamisa akalazwa kabla jua halijafika milimani. Lukasi alifika udongo ukiwa unarudishwa. Alikuwa na ndevu, na alinuka mahabusu. Hakwenda kwa mkewe. Alipokea jembe kwa Eliasi, ambaye bado alikuwa analia, akajiunga na wanaofukia. Grasiana alimtazama akiwa mbali, kati ya wanawake, na Kudra akamshika mkono.

Jioni, nyumbani, Lukasi alikula ugali wote uliokuwapo. Paulina alikuwa amelala mapajani kwake, na kila alipojisogeza mtoto alimkamata shati. Nje watu walipita njiani, wakishauriana. Wengine walisema waende Handeni na zumbe Jumatatu, asije akabadilisha maneno akiwa peke yake. Wengine walisema siyo kwa ajili yake. Waende wakaseme ya matuta, kijiji kizima, watembee tangu alfajiri. Mtu akauliza kama Boma litawafunga. Mwingine akamwuliza kama Boma lina chumba cha kuwatosha.

Lukasi aliwasikiliza mpaka wakapita. Kisha akauliza alichokuwa nacho moyoni tangu kaburini.

"Mama Paulina, zumbe angenyamaza, na askari wangekuacha humo, ungekaa mpaka lini?"

Grasiana aliondoa bakuli, akapangusa mahali lilipokuwa. Angeweza kusema mpaka afe. Ndivyo watu walivyokuwa wanasema huko nje kwamba angefanya.

"Nisingekaa," alisema. "Jua lingeshuka kidogo tu zaidi, ningechukua jembe nikachimba mwanandani mwenyewe. Nisingeweza kumlaza bibi yule nje usiku, na fisi hawa."

"Na mimi?"

"Wewe ungekwenda Lindi. Mimi ningemzika, halafu ningemfunga mtoto mgongoni nikakufuata."

Lukasi aliupitisha mkono kichwani mwa mtoto, taratibu, na Grasiana hakujua kama maneno yake yamemuumiza. Kisha akaona mabega ya mumewe yanatikisika, akatambua kwamba anacheka, ingawa macho yake yalikuwa na maji.

"Basi Jumatatu," alisema, "hilo usiwaambie watu wa Boma."

"Sitawaambia. Na wewe usiwe msemaji," Grasiana alisema. "Safari hii atasema Kudra."